Plagi Kwanza, Duka Baadaye

Wenzangu wa ualimu mnaokwenda mazoezini Karatu, mkipewa ile Yamaha DT ya zamani, inayotumia petroli pamoja na oili, ikagoma kuwaka, msikimbilie dukani. Fungueni plagi. Imelowa? Petroli inafika, kwa hiyo tafuteni cheche, au mafuta yamezidi. Kavu? Fuateni bomba hadi kabureta. Vyote vipo ila kiki inashuka laini mno? Hapo huenda ringi zimeisha.

Kinachoniudhi ni kwamba haya ni fizikia ya sekondari kabisa. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro unapita mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa kule ni nyepesi, hivyo kabureta iliyosetiwa Mto wa Mbu, bondeni, inazidisha petroli na plagi inalowa, inakuwa nyeusi. Mwanafunzi anakariri maana ya kanieneo ya hewa, tena kwa Kiingereza, halafu nyumbani mzee wake anauziwa plagi ya tatu kwa kubahatisha. Mimi ningeileta injini hiyo darasani, spana mkononi, daftari lisubiri.