Salamu ya Dukani Ina Deni, na Wadaiwa ni Sisi

Jamaa wa ukoo wetu, mlioko Unguja na Mombasa, Maskati na Dubai, na sisi ambao majaaliwa yametutupa katika mji huu wa Birmingham.

Siku ya Idi iliyopita tulikusanyika Sparkhill, nyumbani kwa mmoja wetu. Kijana wetu, mtoto wa ndugu yangu, akaniambia mbele ya wote: "Ami, lile duka la pembeni ni ghali, na mwenyewe ana maneno mengi. Mtu unakwenda kununua maziwa, unaulizwa habari za ukoo mzima." Watu wakacheka. Nami nikanyamaza, kwa kuwa siku ya Idi si siku ya kubishana. Leo si Idi. Namjibu yeye, na nawajibu waliocheka.

Hoja yake ni kwamba bashasha ya muuza duka wa mtaani ni pambo tu, na kwamba sisi wanunuzi ndio tunaoligharimia pambo hilo katika bei ya mchele na mafuta. Nimekula mshahara wa ukarani muda wa umri wangu wa kazi, hesabu siiogopi. Nasema kwamba yeye ameandika upande mmoja wa daftari, na upande wa pili ameuacha mtupu.

Na tuujaze. Shangazi yetu anaishi peke yake, si mbali na Stratford Road. Umeme wa nyumba yake hulipiwa kabla ya kutumika, kama LUKU ya Tanzania Bara: mtu huchukua ufunguo wa mita, akaupeleka dukani, ukatiwa fedha, akarudi nao. Majira ya baridi yaliyopita fedha zilimwishia siku ya Ijumaa, na pensheni yake ilikuwa ya Jumatatu. Hakumpigia simu hata mmoja wetu, aliona haya. Alikwenda dukani kununua mkate, akaushika, kisha akaurudisha mahali pake. Muuza duka, mtu mwenye asili ya Kashmir asiyekuwa na nasaba nasi yoyote, akamwita shangazi kama tumwitavyo sisi, akamwomba ufunguo wa mita. Akautia pauni 10 zake mwenyewe, akaandika katika daftari, na mkate akamfungia. Habari hii niliipata baada ya miezi miwili, tena kwa bahati.

Yule bwana alijuaje? Alijua kwa yale "maneno mengi". Kwa kumwuliza hali yake kila asubuhi, aliijua sauti yake ya siku ya neema na sauti yake ya siku ya dhiki. Mashine ya kujilipia ya supamaketi isingelijua hilo. Wanayo kadi yao wanayoiita ya uaminifu, inayohifadhi kumbukumbu ya kila kopo ulilonunua. Lakini siku ambayo kikongwe anarudisha mkate rafuni, kadi ile haina la kuandika.

Wala desturi hii si ngeni kwetu. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Zaidi ya watu 27,000 wakahamia Uingereza, na miongoni mwao walikuwamo waliofungua maduka madogo yaliyofunguliwa alfajiri na kufungwa usiku, baba akiwa kwenye kaunta na watoto wakipanga bidhaa. Duka la Afrika Mashariki lilivuka bahari pamoja nao. Sheria ya mwaka 1994 ya biashara ya Jumapili iliwaachia wadogo nafasi ya kupumua: duka linalozidi mita za mraba 280 lisiuze siku hiyo zaidi ya saa 6. Makampuni makubwa yakajibu kwa kufungua matawi madogo mitaani, chini ya kipimo hicho. Sisi ndio tuliokwenda kuyajaza.

Hapa ndipo ninapowalaumu, na nafsi yangu simo nje. Kila mwezi wa Januari tunapelekeana picha za duka la babu yetu Unguja, lililotutoka baada ya mapinduzi ya 1964. Tunasimuliana jinsi alivyopima pishi ya mchele, kisha akaongeza gao moja juu yake kwa ajili ya watoto wa mnunuzi. Tunaandika kwamba ulimwengu ule umetoweka. Kumbe upo Stratford Road, nasi tunaupita kila Jumamosi, mikononi tumebeba mifuko ya supamaketi.

Ya mikahawani ni hayo hayo. Balti, chakula kilichozaliwa mjini humu katika miaka ya 1970 mikononi mwa wapishi wenye asili ya Pakistan na Kashmir, huliwa katika karai lile lile kilichopikiwa, na mpishi akatoka jikoni kuuliza kama chumvi imekolea. Ladypool Road ilijaa mikahawa ya namna hiyo, na mingi imekwisha kufungwa. Kijana wetu siku ile ya Idi aliagiza chakula kwa programu ya simu kutoka mkahawa ulio mwendo wa dakika tano. Programu ilikata fungu lake kutoka kwa mwenye mkahawa, chakula kikafika kimepoa, na kijana akamlaumu mpishi.

Sisemi kwamba wauza duka ni malaika. Wapo wanaomchangamkia anayeingia kwa salamu ya Kiarabu, kisha wakamtupia chenji bila kumtazama bibi wa Kiingereza au kijana mweusi anayemfuata. Nimeliona hilo kwa macho yangu, tena kwa watu wetu, na ni aibu. Sote tulisoma chuoni Suratul Mutaffifin, inayowaonya wapunjao vipimo. Bashasha nayo ina kipimo: anayemjazia mmoja pishi na kumpa mwengine nusu amepunja. Na wapo wanunuzi wetu wanaokopa kwa maneno matamu, kisha wakivuka barabara ili wasionekane na mwenye duka. Kukopa harusi, kulipa matanga. Duka haliuliwi na supamaketi peke yake.

Basi nawaomba mambo matatu, yote ni mepesi. Mwenye jina lake katika daftari la duka lolote, alipe kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama. Gunia la mchele la nyumba zetu linunuliwe mtaani, hata likizidi supamaketi kwa pauni mbili. Tofauti hiyo ni mchango wetu katika umeme wa shangazi. Na chakula kifuatwe kwa miguu, mpishi asalimiwe, na asiyemjua aulize jina lake.

Nawe mwanangu, uliyeuliza faida ya maneno mengi: zile pauni 10 nilikwenda kuzilipa. Yule bwana alifungua daftari, akanionyesha kwamba shangazi alikwisha kuzilipa mwenyewe, pauni mbili mbili, kwa wiki tano. Kisha akaniuliza habari za ukoo mzima. Nikamjibu, mmoja baada ya mmoja, na wewe ukiwamo.

Wabillahi tawfiq.