Meru Kuna Habari Zetu, Twendeni Tukazisikilize

Mtu wa pwani akisikia Meru, limjialo kwanza ni miraa. Akisikia Embu, pengine hana la kusema ila kuwa ni mji wa kupita aendapo Meru. Hivi sivyo, na hasara yake yatupata sisi kuliko wenyeji wa huko.

Wazee wa Kimeru husimulia kuwa mababu zao walitoka Mbwaa, kisiwa cha baharini. Huko walitawaliwa na watu waitwao Nguo Ntune, yaani nguo nyekundu. (Neno "nguo" hapo halituhitajii mkalimani.) Mabwana hao waliwapa masharti yasiyotimizika: leteni mkuki ufikao mbinguni, leteni kiatu chenye manyoya pande zote mbili. Mwishowe wakatoroka, wakavuka maji, wakashika njia ya bara hata Mlima Kenya. Waliovuka usiku wakaitwa Njiru, weusi; wa alfajiri Ntune, wekundu; na wa mchana Njeru, weupe.

Mmarekani Jeffrey Fadiman, aliyeyakusanya masimulizi ya wazee hao mnamo 1969 na 1970, aliona kuwa Mbwaa yaelekea kuwa ni Manda, ng'ambo tu ya Lamu. Si wanahistoria wote waliokubali. Lakini hata wasipokubali, yafaa tujiulize: kwa nini habari hizi zasimuliwa Meru, na sisi wenye bahari hatuna hata fununu yake?

Labda ni kwa sababu haitusifu. Anayedhulumiwa ndiye akumbukaye. Mwenye kudhulumu husahau upesi. Twapenda kusimulia majumba ya mawe na majahazi, lakini hatupendi kuwataja walioyakimbia. Na wahenga walisema, msema kweli ni mpenzi wa Mungu.

Basi msafiri asipite mbio. Embu ilifanywa kituo cha serikali mwaka 1906, mwaka ule ule Waingereza walipowashinda Waembu kwa silaha, na ilikuwa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki mpaka kaunti zilipoanza mwaka 2013. Karibu na Runyenjes upo msitu mtakatifu wa Mwenendega, ambao Waembu huutaja kuwa ndipo walipoanzia. Tazama tofauti: Waembu huonyesha asili yao hapo hapo nyumbani, na Wameru huelekeza kidole baharini.

Mjini Meru kuna makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1974, katika jengo la mawe lililokuwa ofisi ya mkuu wa wilaya wa kikoloni. Huko Nchiru kuna mahali pa kukutania pa Njuri Ncheke, baraza la wazee ambalo hata Mwingereza hakuweza kulipuuza. Hapo ndipo pa kuuliza.

Makumbusho ya Lamu na ya Meru yote yako chini ya Makumbusho ya Taifa. Rai yangu ni kuwa wakuu wake wawakutanishe wazee wa Lamu na wa Meru, wasikilizane, na maneno yao yahifadhiwe. Shule za pwani nazo ziwapeleke vijana wakaone. Mzee akifa huzikwa na habari zake, na hizi ni habari zetu sote.