TAHARIRI: Seli za uzazi za kuku wa kienyeji zina mpango Nairobi. Zako je?

Hebu fanya hesabu hii kabla hujaendelea kuskroli. Yai lililokuzaa wewe halikutengenezwa mwaka uliotungwa mimba yako. Halikutengenezwa hata mama yako alipobaleghe. Lilianza kuumbwa yeye mwenyewe akiwa bado kijusi, ndani ya tumbo la shosho yako. Kijusi cha kike cha miezi 5 huwa na mayai machanga milioni 6 au 7. Mtoto akizaliwa, yamebaki milioni 1 au 2. Akifika umri wa kuvunja ungo ni kama 300,000 hadi 400,000 tu. Kwa hivyo siku zile shosho alipokuwa akibeba maji mgongoni na mimba tumboni, nusu yako tayari ilikuwa mle ndani, inabebwa.

Kwa baba mambo yanakwenda tofauti kidogo. Mbegu za kiume hutengenezwa kila siku kuanzia kubaleghe, na kila moja huchukua karibu miezi miwili na nusu kukamilika. Lakini seli zinazozizalisha nazo zilianzia tumboni, katika wiki ya pili au ya tatu ya uhai wa kiinitete, kabla moyo haujaanza kupiga. Wakati huo seli nyingine zote zinakimbilia kuwa ngozi, mfupa au ubongo. Chache zinatengwa kando. Kufikia wiki ya nne zinaonekana kwenye ukuta wa kifuko cha kiini, halafu zinafunga safari kupitia utumbo hadi mahali ambapo ovari au korodani zitaota.

Njiani zinafanyiwa jambo ambalo halifanyiwi seli nyingine yoyote ya mwili huo, na hapo ndipo neno epijenetiki linapoingia. Usiogope neno. Fikiria kila seli yako ni matatu yenye ramani ya ruti zote za Nairobi. Ramani ni moja, hiyo ndiyo DNA. Lakini seli ya ini imebandikwa kibao cha Rongai, ya jicho imebandikwa cha Umoja, na kila moja inashikilia ruti yake. Vibao hivyo ni alama za kikemia, hasa zile za metili, zinazobanduka na kubandikwa juu ya DNA bila kubadilisha herufi hata moja. Sasa seli ya uzazi haiwezi kubaki na kibao cha ruti moja, kwa sababu kesho itatakiwa kuzaa mwili mzima. Kwa hiyo katika wiki chache za mwanzo karibu vibao vyote hubanduliwa. Baadaye hubandikwa vipya, vya kike kwenye mayai, vya kiume kwenye mbegu.

Aliyetuonyesha kwamba vibao vya kike na vya kiume havifanani ni mtu wa Kisumu. Ndiyo, Kisumu hii yetu. Azim Surani alizaliwa huko mwaka wa 1945, akaenda Uingereza, akasomea uzamifu Cambridge chini ya Robert Edwards, yule ambaye kazi yake ilileta Louise Brown, mtoto wa kwanza kuzaliwa kwa utungisho wa maabara, mwaka wa 1978. Mwaka wa 1984 Surani na wenzake walichukua mayai ya panya na kuyapa seti mbili za jeni kutoka kwa majike pekee. Hesabu ya jeni ilitimia, lakini mimba haikufika. Kiinitete kilijaribu kukua huku kondo la nyuma likiwa dhaifu. Viinitete vyenye jeni za madume pekee vilifanya kinyume, kondo likanawiri na kiinitete kikadumaa. Kumbe jeni hukumbuka zimetoka kwa nani. Kwa binadamu tunaliona jambo hilo kwenye kromosomu ya 15. Kipande fulani kikikosekana upande uliotoka kwa baba, mtoto hupata ugonjwa wa Prader-Willi; kikikosekana upande wa mama, anapata wa Angelman, ambao ni tofauti kabisa.

Sasa tuongee kuhusu wewe. Kwa kawaida ukisikia habari kama hizi unamwona profesa mwenye mvi. Lakini mikono inayoshika sahani za maabara usiku wa manane mara nyingi ni ya vijana waliomaliza uzamifu majuzi, walioajiriwa kwa mkataba wa miaka michache kutafuta jibu la swali moja. Wanaitwa watafiti wa baada ya uzamifu. Naomi Irie alikuwa mmoja wa watafiti wa maabara ya Surani waliofanikiwa kutengeneza seli za mwanzo za uzazi za binadamu kutokana na seli shina, wakishirikiana na Taasisi ya Weizmann ya Israeli. Kazi hiyo ilichapishwa mwishoni mwa 2014. Waligundua kwamba jeni iitwayo SOX17 ndiyo inayotoa amri ya kwanza kwa binadamu, na hilo liliwashtua wengi kwa sababu kwa panya haina kazi hiyo. Miaka yote tulikuwa tumesoma panya tukidhani tunajisoma. Ndiyo maana mtafiti mwingine wa maabara hiyo, Toshihiro Kobayashi, aligeukia nguruwe, ambaye kiinitete chake katika hatua hiyo ni bapa kama chetu, wakati cha panya ni kama kikombe.

Kwa nini wasiangalie binadamu moja kwa moja? Kwa sababu ya sheria, na ni sheria nzuri. Tangu 1990 Uingereza hairuhusu kiinitete cha binadamu kikuzwe maabara zaidi ya siku 14, na seli hizi huanza kujitokeza karibu na mpaka huohuo. Hatua za baadaye huchunguzwa kwa tishu ambazo wanawake waliositisha mimba kisheria wameridhia zitumike, tena kwa maandishi. Kila hatua ina kamati, fomu na mtu wa kuulizwa.

Hapa kwetu fomu iko wapi? Mbunge Millie Odhiambo amekuwa akipeleka miswada ya kudhibiti uzazi wa kusaidiwa na teknolojia kwa zaidi ya miaka 10. Wakati miswada inaingia na kutoka Bungeni, kliniki zilikuwa zikifanya kazi, na kwenye simu za wasichana wa vyuo vikuu zilikuwa zikiingia jumbe za kuwaomba wauze mayai. Pengine wewe au rafiki yako mmeipata. Ujumbe hutaja pesa. Hautaji kwamba utadungwa homoni kwa siku kadhaa, kwamba zipo hatari za ovari kuvimba kupita kiasi, wala nani atawajibika ukiugua baada ya malipo. Mtu anayejua kwamba hazina yake ya mayai ilifungwa kabla hajazaliwa ataliangalia dili hilo kwa jicho lingine. Asiyejua ataangalia karo tu.

Na teknolojia haitusubiri. Mitinori Saitou na Katsuhiko Hayashi walipitia maabara ya Surani wakiwa watafiti vijana, kisha wakarudi Japani. Mwaka wa 2012 walitangaza kwamba wamepata watoto wa panya kutokana na mayai yaliyotengenezwa kwa seli shina. Mwaka wa 2023 timu ya Hayashi ikatoa panya wenye baba wawili, kwa kutengeneza mayai kutokana na seli za dume. Kati ya viinitete 630 vilivyopandikizwa walizaliwa 7, kwa hiyo tuache ndoto za mwezi ujao. Hakuna mtoto wa binadamu aliyezaliwa hivyo. Ugumu mkubwa uko kwenye vile vibao: kuvibandua vyote na kubandika vipya sawasawa, nje ya mwili, bila kukosea kimoja. Lakini njia inachimbwa, na Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka wa 2023 kwamba mtu 1 kati ya 6 hivi hukumbwa na ugumba wakati fulani maishani. Soko la kitu hicho litakuwa kubwa, na litafika Nairobi likiwa na bei.

Tazama walichofanya Wajapani. Walipeleka vijana, vijana wakarudi, na waliporudi walikuta maabara, pesa na miaka ya kukosea bila kufukuzwa. Kijana wetu anayerudi na uzamifu anakuta nini? Madarasa manne ya kufundisha, marundo ya karatasi za kusahihisha na mgomo wa wahadhiri kila baada ya muda. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inasema Hazina ya Kitaifa ya Utafiti ipewe asilimia 2 ya pato la taifa. Ni sheria, si ahadi ya jukwaani. Hatujafika huko. Halafu tunashangaa ati mbona mtu wa Kisumu alifanyia ugunduzi wake Cambridge.

Wengine watasema hii ni anasa, nchi ina malaria na njaa ya kupigania. Hoja hiyo ina uzito, lakini haijui kinachoendelea mtaa wa pili. Katika taasisi ya ILRI kule Kabete, wanasayansi wakishirikiana na wenzao wa Taasisi ya Roslin ya Scotland wamekuwa wakitoa seli za mwanzo za uzazi kutoka viinitete vya kuku wa kienyeji, kuzikuza na kuzigandisha kwenye naitrojeni baridi, ili siku aina fulani ikitoweka irudishwe kupitia kuku mwingine wa kuibeba. Yaani ujuzi wa kushika seli hizi upo Nairobi. Friji zipo. Kuku wa kienyeji ana mpango wa vizazi vijavyo. Binadamu wa kienyeji bado. Na sehemu kubwa ya data za jeni zinazotumika duniani imetoka kwa watu wenye asili ya Ulaya, kwa hiyo dawa au kipimo kitakachotokana na utafiti huu kitakuwa kimejaribiwa kwa wengine, sisi tukijaribiwa mwisho, madukani.

Kuna jambo lingine linalotukera, na lazima tuliseme. Pale ambapo utafiti haupo, TikTok inajaza nafasi. Utasikia kwamba epijenetiki inamaanisha kiwewe cha babu yako kimeandikwa kwenye damu yako, na kwamba kuna unga wa kijani wa kukifuta, elfu tatu, delivari bure. Polepole. Waholanzi waliokuwa tumboni wakati wa njaa ya 1944 na 1945 walipopimwa wakiwa wazee wa miaka kama 60, baadhi ya alama zao za metili zilitofautiana na za ndugu zao. Huo ni ushahidi wa kweli, lakini ni wa watu walioipitia njaa hiyo wao wenyewe wakiwa tumboni. Kudai kwamba alama kama hizo zinapita hadi kwa wajukuu wa binadamu ni hatua kubwa zaidi, hasa tukikumbuka ile safari ambayo karibu vibao vyote hubanduliwa. Kweli, vichache huponyoka: mwaka wa 2015 maabara ya Surani ilionyesha kwamba kama asilimia 5 ya DNA hukataa kufutwa, na hapo ndipo watafiti wanachimba sasa. Mwenye unga wa kijani hachimbi hapo.

Na nyinyi wa jimu, hili halihitaji kungoja utafiti. Testosteroni ya kujidunga ili upate kifua haraka hupunguza utengenezaji wa mbegu, na inaweza kuusimamisha kabisa, kwa sababu ubongo ukiona homoni inatoka nje huacha kuagiza ya ndani. Kwa kawaida mbegu hurudi mtu akiacha, ila yaweza kuchukua miezi mingi, na kwa wengine inakuwa shida. Halafu mkikosa mtoto, nyumbani anayeulizwa maswali ni mkeo.

Msimamo wetu basi ni huu. Bunge likamilishe sheria ya uzazi wa kusaidiwa, iwe na mamlaka yenye meno, kumbukumbu za kila anayetoa yai au mbegu, na kipengele kinachotaja utafiti kwa jina, kwa sababu kunyamaza si kukataza wala kuruhusu. Hazina Kuu ianze kupanda kuelekea ile asilimia 2 kwa ratiba inayosomeka, na sehemu ya pesa hizo iwe nafasi za mkataba kwa watafiti wa baada ya uzamifu, hapahapa, zenye mshahara unaoweza kulipa nyumba. Vyuo vikuu vyenye shule za tiba vikae na ILRI na KEMRI kuona nani ana friji na nani ana mikono.

Wewe ambaye uko mwaka wa pili wa baiolojia na umeambiwa kazi ni kufundisha sekondari au kuuza dawa, jua kwamba swali la nini hukataa kufutwa katika zile asilimia 5 bado halijafungwa. Na kama sayansi si yako, kamati za Bunge huita maoni ya umma kuhusu miswada na bajeti kila mwaka. Barua pepe ya aya mbili inatosha. Huhitaji tai.