Gari Kubwa la Safari: Nafasi ya Watu au Nafasi ya Vitu?



Ndugu wasomaji, baridi inapoanza kuingia Riyadh, watu wa Al-Malqa hutoka. Ijumaa baada ya sala magari huelekea Thumama na majangwa ya karibu, na wakati wa likizo za shule wapo waendao mbali zaidi, Taif, Makka, Jeddah na Madina, pamoja na watoto, magodoro na birika. Na kila baridi suala lile lile huletwa katika ukurasa huu: gari tulilonalo limekuwa dogo, je, tuliuze tuchukue kubwa zaidi, Hiace au Jimsi, tulitengeneze liwe la kulala na kupikia njiani, na vitu vyetu vyote vienee? Mwezi huu tumeona vyema tulijibu kwa urefu, maana fedha zinazoingia humo ni nyingi, na dosari za uamuzi wenyewe hazionekani siku ya kununua.

Kwanza tuwape haki yao wenye haja ya kweli. Familia ya watu saba yenye gari la viti vitano haina la kushauriwa. Mtoto aliyepakatwa mbele, au aliyesimama kati ya viti viwili huku baba anakimbia kwenye barabara kuu, yumo hatarini kila dakika ya safari. Kule Kenya, tangu Februari 2004, hata matatu ziliamrishwa kuwa na mkanda kwa kila abiria, na watu wetu wakazoea japo kwa manung'uniko. Haiwi sawa mtoto wetu wenyewe apewe heshima ndogo kuliko abiria wa matatu. Tena yupo mama mwenye mtoto mchanga anayehitaji sitara ya pazia, na yupo bibi aliyekuja kwa viza ya ziara ambaye magoti yake hayamruhusu kukunjika saa tisa. Kipando chema ni katika neema. Maadamu watu hawaenei, kila mmoja na kiti chake na mkanda wake, basi anayeweza kununua na anunue wala asisitesite.

Mazungumzo yetu hasa ni na wale ambao watu wanaenea ila vitu ndivyo visivyoenea. Hao ndio wengi.

Vitu vina tabia ya kuongezeka kwa kadiri ya mahali pa kuviweka. Mwaka wa kwanza wa gari jipya familia hubeba mkeka, chupa ya chai na sufuria la pilau. Mwaka wa pili huongezeka hema, friji ndogo na mtungi wa gesi. Mwaka wa tatu kuna hema la pili la wageni, viti vya kukunja, baiskeli ya mtoto, na sanduku ambalo hakuna akumbukaye lina nini. Mwisho wake viti vya nyuma huondolewa ili vitu vipate kukaa, na watoto wanne wakarudi kubanana kwenye kiti cha watu watatu. Gari limekuwa kubwa na watoto wamekosa nafasi kuliko walivyokuwa kwenye lile dogo!

Zaidi ya hapo, nafasi na uzito ni vitu viwili mbalimbali. Kila gari lina uzito wa mwisho ulioruhusiwa na watengenezaji, na aghalabu umeandikwa kwenye kibati au karatasi iliyobandikwa penye fremu ya mlango wa dereva. Ukitoa humo uzito wa gari tupu, kinachobaki ndicho unachoweza kupakia, watu na mizigo pamoja. Tuseme gari limeruhusiwa kilo 2,800 na lenyewe tupu lina kilo 2,000. Zimebaki 800, nazo huonekana nyingi. Haya, tupakie. Baba, mama, bibi na watoto wanne, kilo 360, zimebaki 440. Fundi amejenga kitanda na makabati ya mbao, kilo 150, zimebaki 290. Madumu ya maji, lita 60, nayo ni kilo 60, zimebaki 230. Friji na chakula chake, jiko na mtungi wa gesi, kilo 60, zimebaki 170. Mahema, magodoro, mablanketi na nguo, kilo 90, zimebaki 80. Hapo ndipo mnakwenda. Wakati wa kurudi kutoka Makka mmechukua Zamzam, madumu kumi ya lita tano, kilo 50, na tende maboksi manne ya kilo tano tano. Zimebaki kilo 10, na bado hamjapitia mzigo wa jirani aliyewaagiza.

Kwa hiyo lile gari lililojengewa kila kitu ndani linaweza kuwa ndilo lenye uwezo mdogo wa kubeba, ingawa ukilitazama kwa macho lina nafasi ya kuchezea mpira.

Fikra ya gari la kulala si ngeni. Mwaka 1951 kampuni ya Westfalia ya Ujerumani ilianza kutengeneza sanduku la vifaa vya safari la kutiwa ndani ya Kombi ya Volkswagen, zile Kombi ambazo wazee wetu wa Mombasa na Dar es Salaam wanazikumbuka vizuri. Uzuri wa sanduku lile ni kwamba lilitoka. Siku za kazi gari lilifanya kazi, na siku za mapumziko likawa nyumba. Kwa rai yetu huo ndio mfano wa kufuatwa: masanduku imara yenye vifuniko, yanayofungwa kwa mikanda sakafuni na kushushwa nyumbani safari inapokwisha. Kumpa fundi ang'oe viti na kupigilia makabati kuna matatizo yake hapa Saudia, maana kubadili umbo la gari bila idhini ni kosa la trafiki, na siku ya ukaguzi wa fahas utaulizwa. Aliye na nia hiyo aulize kwanza Muruur kuhusu istimara yake, idadi ya viti iliyoandikwa humo na aina ya leseni yake, kabla ya kutoa hata riyali moja ya arubuni.

Sasa twende barabarani. Kutoka Riyadh mpaka Makka ni kiasi cha kilomita 870. Unashuka mteremko wa jabali la Tuwaiq ungali na nguvu, kisha mbele yako kuna mamia ya kilomita za nchi tambarare zenye jua, upepo na usingizi. Tangu 2018 barabara ya Riyadh na Taif ni miongoni mwa zilizopandishwa kasi hadi kilomita 140 kwa saa kwa magari madogo. Ruhusa hiyo si amri. Gari refu lililojaa, lenye mizigo juu ya keria, halifai kwenda kasi hiyo. Upepo wa ubavuni hulisukuma, na dereva akishtuka akakata usukani, gari huweza kupinduka. Idara ya usalama barabarani ya Marekani ilitoa onyo mwaka 2001 kwamba magari ya abiria 15 yanapobeba watu kumi au zaidi hupinduka karibu mara tatu zaidi ya yanapobeba watu wachache. Gari ni lile lile. Kilichobadilika ni mzigo na mahali ulipokaa.

Kwa sababu hiyo vitu vizito, yaani maji, Zamzam na masanduku ya vyakula, viwekwe chini na mbele ya ekseli ya nyuma, karibu na katikati ya gari. Ukivirundika mkiani, gari hunyanyua pua na usukani huwa mwepesi, nawe hujui kama umeshika gari au umeshika hewa. Juu ya keria pasiwekwe ila vitu vyepesi, kama vile mikeka na mahema, tena visizidi uzito uliotajwa kwenye kitabu cha gari.

Matairi yanastahili neno peke yake. Tairi lililolegea upepo, chini ya mzigo mkubwa, juu ya lami ya kiangazi, hupata joto mpaka likapasuka, na lile lililozeeka hupasuka hata kama mistari yake ingali mirefu. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Kwa mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Muuzaji wa gari lililotumika atakuonyesha viti vya ngozi na kiyoyozi cha nyuma. Wewe inama usome tarakimu hizo, na la tairi la spea usilisahau. Kisha ujaze upepo kwa kipimo kilichoandikwa mlangoni kwa gari lenye mzigo, nao upimwe asubuhi kabla ya matairi kupata moto.

Mkikaribia Makka kupitia Taif, njia hugawanyika. Ya Al-Hada inateremka jabalini kwa mizunguko mikali, na mikati ya wapitao huko ni Wadi Muhrim. Ya As-Sayl al-Kabir ni pole zaidi, nayo ina mikati ya Qarn al-Manazil. Mwenye gari kubwa lililojaa achague As-Sayl, breki zake zitamshukuru.

Kuhusu kulala ndani ya gari, liko jambo ambalo Difaa Madani hulionya baridi kwa baridi na bado watu hufa. Usiwashe mkaa wala jiko la gesi ndani ya gari au hema lililofungwa, hata kama baridi ya usiku wa jangwani imekuwa kali na watoto wanatetemeka. Hewa ya sumu itokayo kwenye mkaa haina harufu wala haiamshi mtu. Kadhalika usilale na injini ikinguruma kwa ajili ya kiyoyozi au joto. Blanketi la ziada ni kilo mbili. Libebe hilo, uache kitu kingine. Wala msipige kambi ndani ya wadi, kwani mvua iliyonyesha mbali hufika hapo kwa ghafla.

Tukija kwenye gharama, wengi huogopa mafuta, na kwa hapa hofu hiyo imezidi kiasi. Petroli ya 91 imewekewa kikomo cha riyali 2.18 kwa lita tangu Julai 2021. Gari dogo liendalo kilomita 12 kwa lita litatumia kama riyali 158 kwenda Makka, na kubwa liendalo kilomita 8 kwa lita litatumia kama 237. Tofauti ni chini ya riyali 80 kwa njia moja, na familia iliyokuwa ikitumia magari mawili itapata nafuu. Gharama iliyojificha ni ya siku zile nyingine za mwaka: bima, matairi makubwa, na maegesho. Majengo mengi ya huku kwetu yana maegesho ya chini ya ardhi, na Hiace ya paa refu ina urefu wa karibu mita 2.3. Pima mlango wa jengo lako kwanza. Wapo wanaolaza gari mtaani juani mwaka mzima kwa ajili ya safari tatu. Kwa hao, kukodi kwa wiki moja ni busara zaidi, na tungependa kila familia ikodi mara moja kabla ya kununua. Ndugu zetu wa Jeddah ndio wenye wepesi kuliko sisi, kwani Makka kwao ni kama kilomita 80, na safari ndefu hubaki ya Madina tu.

Jambo la kukodi lina faida nyingine. Tangu Juni 2018 kina mama wanaendesha, na dereva wa pili katika safari ya saa tisa ni rehema. Lakini gari akilolichagua baba peke yake, ambalo mama hafikii vizuri pedeli zake wala haoni nyuma, limerudisha dereva kuwa mmoja. Waliendeshe wote wawili kabla ya kuafikiana.

La mwisho ni hesabu ya nyumba nzima. Ada ya wategemezi ilianza Julai 2017 kwa riyali 100 kwa kila mtu kwa mwezi, ikapanda kila mwaka hadi 400 mwaka 2020. Kwa wale ambao waajiri wao hawawalipii, mke na watoto watano ni riyali 28,800 kwa mwaka. Ada hiyo imerudisha nyumbani familia nyingi tulizozijua, na baadhi yao walikuwa wamenunua gari kubwa mwaka ule ule. Gari likiwa kwa jina lako hupati khuruj nihai mpaka uliuze au ulihamishe, na muuzaji mwenye haraka hupokea bei ya mnunuzi. Wako wanaojiliwaza kwamba litapakiwa melini kwenda Mombasa. Kenya haisajili magari ya kawaida yenye usukani wa kushoto, wala yaliyozidi miaka minane, na Tanzania na Uganda nako watu huendesha upande wa kushoto wa njia kwa usukani wa kulia. Ndugu wa Bukavu na Goma ndio ambao usukani wa huku unawafaa kwao, ila safari ya kulifikisha huko ni hadithi nyingine.

Kwa hiyo mwenye mkataba unaokaribia kwisha asinunue kabla ya kujua umefanywa upya. Na mwenye kununua auze lile la zamani kwanza, asijikute ana magari mawili kwa jina lake na tiketi ya kuondoka mkononi.

Wabillahi tawfiq.