Ukuta umeanguka, shimo limebaki

Familia inapoondoka kambini, iwe imerudi nyumbani au imepata safari ya nchi ya tatu, nyumba yake haikai siku mbili. Basi likishatoka tu, vijana wako juu ya paa wanatoa shitingi, wengine wanang'oa mlango na miti. Kufika jioni zimebaki kuta nusu, choo kisicho na kibanda, na lile shimo ambalo mwenye nyumba alichimba udongo wa matofali. Mtabila ilipofungwa mwaka 2012, na Mtendeli mwaka 2021, zilibomolewa nyumba za vijiji vizima. Hapa Nyarugusu watu wanajenga na kubomoa tangu mwaka 1996.

Wapo wanaosema tuwaache vijana, maana kuni ziko mbali na mama anayekwenda porini kuzitafuta anakutana na hatari. Hilo ni kweli, na mimi siungi mkono miti iachwe ioze. Ninachopinga ni namna tunavyobomoa, kana kwamba nyumba iko peke yake shambani, wakati jirani analala hatua tano kutoka pale na watoto wote wa kijiji wamesimama wanaangalia.

Tuanze na ukuta wenyewe. Tofali letu ni bichi, halikuchomwa. Mvua ikinyesha, maji yanalainisha ukuta chini miguuni, na juu unaonekana mkavu na imara. Paa ndilo linaloukinga na mvua na kusaidia kuta zishikane. Ukilitoa leo ukaenda kulala, umeacha kuta nne zinazosimama kila mmoja peke yake, na asubuhi watoto watacheza humo humo ndani. Nyumba iliyotolewa paa ni hatari kuliko nyumba iliyoachwa nzima. Kwa hiyo asiyeweza kumaliza kuta siku hiyo hiyo asiguse paa.

Kuta nazo ziangushwe kuanzia juu, tofali kwa tofali, si kwa kuchimba chini na kusukuma. Wale wanaochimba chini wanasema ni haraka zaidi. Ni haraka kweli, ila hakuna anayejua ukuta utaangukia upande gani. Watoto na watazamaji wakae mbali angalau mara mbili ya urefu wa ukuta, na awepo mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ni hiyo tu, kuwazuia. Jirani apewe habari jana yake, afunike maji na chakula, amtoe mgonjwa wa kifua na mtoto mchanga. Vumbi lipunguzwe kwa kunyunyiza maji. Najua foleni ya bombani ilivyo, lakini maji yaliyofulia nguo yanatosha.

Sasa nije kwenye mashimo, maana hapo ndipo ninapoona tumelala. Choo kikibomolewa, mtu anachukua sakafu yake akaweke kwake, na shimo linabaki wazi. Nyasi zinaota pembeni, mwezi ukipita halionekani. Mtoto akitumbukia humo, hata kama kuna mtu wa kusikia, kumtoa ni kazi ya kuhatarisha maisha ya wawili, kwa sababu hewa ya mle chini inaweza kumwangusha anayeshuka kumwokoa. Shimo la matofali nalo linajaa maji ya mvua yanayopigwa na jua, na mbu wa malaria anapenda mahali kama hapo. Kutoka yai hadi mbu anayeruka ni wiki moja hadi mbili tu. Tunagawiwa vyandarua, halafu tunafuga mbu nyuma ya nyumba!

Nani afukie? Familia iliyoondoka haiwezi. Siku za mwisho ina mizigo, karatasi na kuaga. Vijana waliochukua miti wameshapata walichokitaka. Maoni yangu ni kwamba anayetoa amri au ruhusa ya kubomoa ndiye atoe na majembe na mikokoteni, na kiongozi wa kijiji asikubali kwamba kazi imekwisha mpaka choo kimejazwa udongo, kikashindiliwa, na kuongezwa tena juu kama kichuguu, kwa kuwa udongo utashuka. Udongo hauko mbali, ni zile kuta zenyewe zilizoangushwa. Na mtu yeyote asipewe miti kabla ya kushika jembe. Hili la mwisho litawaudhi wengine, lakini naona ndilo litakalofanya kazi kuliko mikutano yote.

Jambo jingine halizungumzwi sana. Katika nyufa za kuta za udongo na vumbi la sakafuni anaishi papasi. Mchana anajificha, usiku anauma, na anaweza kukaa miaka bila kula. Nyumba ikiwa tupu, yeye bado yumo. Ukichukua miti, mikeka au udongo wa nyumba ile ukaenda kukandika chumba chako cha kulala, unaweza kumbeba pamoja navyo. Miti ichunguzwe nyufa zake na ianikwe juani kwanza, na udongo wa zamani uende kwenye mashimo, si kwenye ukuta mpya. Msichome mabaki katikati ya nyumba, hasa kiangazi, kwani moto unaruka kutoka paa la nyasi hadi jingine.

Homa ya papasi inafanana na malaria: inapanda sana, inaacha siku kadhaa, inarudi. Ni mbaya zaidi kwa mama mjamzito na mtoto mdogo, lakini ina dawa. Ukipata homa na kipimo cha malaria kikasema huna, usirudi nyumbani kimya. Mwambie mganga kwamba wiki zilizopita ulibomoa nyumba ya zamani au ulilala ndani yake. Aliyechomwa na msumari naye aoshe jeraha kwa maji na sabuni, aende kliniki siku hiyo hiyo aulizwe kuhusu chanjo ya pepopunda, hata kama jeraha ni dogo na damu imekauka.