Ulimi Si Mzizi wa Ndoa

Kila arusi ipitapo, malenga wetu hukariri wosia uleule: mke na achunge ulimi, aseme kwa upole, na nyumba itatengemaa. Nami nasema wosia huo umewekwa kichwa chini, miguu juu.

Mwaka 2016 watafiti watatu wa Marekani, Justin Lavner, Benjamin Karney na Thomas Bradbury, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanandoa wapya, jozi 431, wenye kipato kidogo mjini Los Angeles. Waliwatazama wakizungumza mara 4, kila baada ya miezi 9. Walioridhika zaidi ndio waliosemezana vizuri, hilo lilitarajiwa. Lakini walipochunguza kipi hutangulia, ridhaa ndiyo iliyotabiri mazungumzo ya baadaye mara nyingi zaidi kuliko mazungumzo yalivyoitabiri ridhaa. Sisemi maneno hayana athari. Athari ilionekana, ila si kwa uthabiti tunaouimba.

Basi kauli laini ni tunda kuliko ilivyo mbegu. Mke ajibuye kwa ukali huenda hakukosa mafunzo ya somo wake. Huenda amechoshwa na kodi ya nyumba isiyolipwa na mume arudiye usiku wa manane. Kumwambia alainishe sauti ni kupaka chokaa juu ya ufa.

Mtanijibu kwa Utendi wa Mwana Kupona. Vyema. Mama yule wa Pate, aliyemtungia bintiye Mwana Hashima mwaka 1858, aliusia mengi: dini, adabu, unadhifu wa mwili na nyumba, namna ya kumtunza mume. Sisi tumeyachuja yote tukabakiza ulimi. Tena ulimi wa mke peke yake. Mara ngapi mmemsikia malenga akimgeukia bwana arusi?

Hata neno lenyewe latusuta. Mawasiliano yatokana na kuwasili; kuwasiliana ni kufikiana. (Ajabu, sisi wapenzi wa mnyambuliko ndio tuliosahau.) Asiyeondoka alipo hamfikii mwenziwe, hata awe na hazina ya misamiati kupita kamusi zote.

Nimealikwa kutunga kwa arusi ya mwezi ujao. Beti za ulimi nimekwisha kuzifuta. Bwana arusi atasomewa habari za kodi.