Wasiofika Ocean Road Nao Wahesabiwe

Kila tunapouliza kama saratani ya koo la chakula inaongezeka mkoani Pwani, tunajibiwa kwa hesabu za Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Hesabu hizo ni za kweli, ila ni za waliofika. Mzee wa Mkange, Chalinze, aliyeanza kukwamwa na ugali, akahamia kwenye uji, mwisho hata maji yakawa hayapiti, akazikwa kijijini bila kupimwa, hayumo.

Swali lenyewe ni la zamani. Kabla ya Vita Kuu ya Pili, madaktari wa Afrika Mashariki waliiona saratani hii kwa nadra. Kufikia mwaka 1969 takwimu zilizochapishwa kutoka magharibi mwa Kenya zilionyesha imejaa. Ugonjwa mpya, au hospitali ndizo mpya? Kampala walianzisha rejesta ya saratani miaka ya 1950, kwa hiyo wanaweza kulinganisha kizazi na kizazi. Sisi wa Pwani tutalinganisha nini na nini? Kati ya mwaka 2006 na 2013, Ocean Road na Hospitali ya Muhimbili zilipokea wagonjwa zaidi ya 1,000 wa saratani hii, wengi wao wanaume. Mkange ilitoa wangapi, na wangapi walibaki kitandani nyumbani?

Kujua kuna faida, maana ugonjwa huu hupanda na kushuka kufuata maisha ya watu. Ulaya na Marekani, aina inayotuua sisi imepungua. Iliyopanda kwao ni nyingine, inayoandamana na unene na kiungulia cha miaka mingi. Huku kwetu watafiti wa Moshi, Eldoret na Malawi wanataja tumbaku, pombe na vinywaji vya moto mno. Mwaka 2016 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani ulisema kinywaji kinachozidi nyuzi 65 huenda kikasababisha saratani ya koo hilo. (Hakuna anayemkataza mtu wa Pwani chai yake. Aipoze tu.)

Tunachoitaka Halmashauri ya Chalinze ifanye si kikubwa. Anayekwamwa na chakula wiki mbili mfululizo asirudishwe nyumbani na dawa za vidonda vya tumbo kwa mara ya tatu. Apewe rufaa ya kipimo cha kamera, na tatizo lake liandikwe waziwazi kwenye vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya. Akifia nyumbani, mhudumu wa afya ngazi ya jamii awaulize ndugu maswali machache: alianza lini kushindwa kumeza, alikonda kwa muda gani, alivuta sigara? Majibu yafike wilayani kila mwezi.

Kuandika kunahitaji agizo la mganga mkuu wa wilaya tu, na linaweza kutoka wiki hii. Nauli ya mgonjwa wa Mkange hadi Dar es Salaam ndiyo inayohitaji fungu, na madiwani wanalipitisha wao.